Maswali Yenu: Mbuta kwenye sahani ya 1901, na mengine ya mwandishi wa riwaya za kihistoria

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wasomaji wanaotaka kuandika riwaya za kale ya kwetu: za ziwani, za milimani na za mashamba ya Bonde la Ufa. Tumechagua sita. Baadhi tumezifupisha.

Nataka kuandika riwaya ya msichana aliyekulia Kano wakati reli inafika Kisumu. Nimesoma mengi lakini sijui nianzie wapi. Kila nikianza sura ya kwanza naifuta. (Msomaji, Ahero)

Usianze na sura ya kwanza. Anza na kalenda. Chukua daftari kubwa la mistari, lile la kaunta, na ugawe ukurasa kwa safu tatu: mwaka, yaliyotokea nchini, na yaliyotokea nyumbani kwa mhusika wako. Safu ya pili utaijaza kutoka vitabuni na safu ya tatu utaitunga. Zikishakaa bega kwa bega, hadithi huanza kujipanga yenyewe.

Tuseme msichana wako alizaliwa mwaka 1890, sotoka ilipokuwa inafagia ng'ombe wa Afrika Mashariki. Babake basi amepoteza mifugo, na suala la mahari litakuwa gumu katika boma lile kwa miaka mingi. Reli inafika Kisumu Desemba 1901 akiwa na miaka 11, umri wa kutumwa maji, si wa kuolewa. Vita vya Kwanza vinapoanza 1914 ana miaka 24, kwa hiyo anayechukuliwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi katika Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi, ni mumewe au shemejiye, si mwanawe. Homa kubwa ya 1918 inamkuta na miaka 28. Waandishi wengi hawafanyi hesabu hii. Matokeo yake unasoma mswada ambamo mama anajifungua akiwa na miaka 56, na mwandishi hana habari.

Makosa makubwa ya riwaya za namna hii hayako vitani. Kila mtu hukagua tarehe ya vita. Yako kwenye sahani, mfukoni na ufukweni. Mbuta, yule samaki mkubwa aitwaye pia sangara, kwa mfano, aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Mhusika wako wa 1901 akila mbuta, mvuvi yeyote wa Dunga atakifunga kitabu hapo hapo, na atakuwa na haki. Mpe ngege, kamongo, mumi au omena. Gugu maji nalo usilione kabla ya mwisho wa miaka ya 1980. Ugali wa mahindi meupe haukuwa chakula cha kila siku cha wakati ule. Watu walisonga mtama na wimbi. Mfukoni mwa mfanyakazi wa reli mna rupia. Florini iliingia 1920 na shilingi mwaka uliofuata, basi mzee anayelipa kodi ya nyumba kwa shilingi mwaka 1905 ametoka karne nyingine.

Hata jina la nchi lina mtego. Kisumu ilikuwa upande wa Uganda hadi mwaka 1902, ndipo mkoa ule ukahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki. Jina la Koloni ya Kenya lilikuja 1920. Kituo cha mwisho cha reli Waingereza walikiita Port Florence, ingawa wenyeji waliendelea na Kisumu yao. Na usifikiri meli zilingoja reli: William Mackinnon iliteremshwa majini hapo Kisumu mwaka 1900, baada ya vipande vyake kubebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi kwa sehemu ya safari. Msichana wa Kano angeweza kusikia habari za meli ya moshi kabla ya kusikia za garimoshi. Jambo dogo kama hilo linatosha kuwa sura nzima.

Kabla ya kuandika nenda Makumbusho ya Kisumu, ambako pamejengwa boma la Kijaluo la mfano. Simama langoni. Angalia nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ilivyokaa ikilielekea lango, simba, yaani nyumba ya kijana, iko upande gani, ghala liko wapi. Pima kwa hatua. Mhusika akitoka jikoni kwenda langoni, ujue anapita mbele ya nani. Ugomvi wa wake wenza huanzia kwenye njia hizo.

Babu zangu wawili bado wako hai na wanakumbuka mengi kuhusu Dini ya Msambwa na mambo ya mlimani. Nikiwauliza mwaka, kila mmoja anataja wake. Nimwamini nani? (Mwalimu, Webuye)

Usimwulize mzee mwaka. Mwulize jambo. "Kuka, wakati huo ulikuwa umeshatahiriwa?" "Nani alikuwa chifu?" "Nyumba hii ilikuwa imeezekwa kwa nini?" Kwa Wabukusu una msaada ambao majirani wengi hawana: tohara hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili. Mzee akisema alitahiriwa mwaka mmoja kabla ya jambo fulani, tayari unajua jambo hilo lilitokea mwaka usiogawanyika. Ukijua na rika lake, pengo linazidi kupungua.

Tahadhari moja, na ni kubwa. Majina ya marika, kama Maina, Chuma, Sawa na Kolongolo, huzunguka na kurudi baada ya karibu miaka 100. Mtu akikuambia babu mkubwa alikuwa Maina, uliza ni Maina wa mzunguko upi, la sivyo utamweka mtu wa karne ya kumi na tisa katika vita vya karne ya ishirini.

Kuhusu Dini ya Msambwa una nguzo za kuegemea: harakati za Elijah Masinde, kiongozi wake, zilipamba moto miaka ya 1940, na dini hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1948. Kumbukumbu za babu zako zipange kabla au baada ya nguzo hizo. Chetambe, kilima kilicho hapo karibu nawe, ambako Wabukusu walipigana na Waingereza, ni jambo la 1895. Hakuna aliye hai aliyeiona vita ile, kwa hiyo wanachosimulia ni walichosimuliwa. Kiandike hivyo kwenye daftari lako: nani alimwambia nani.

Mazungumzo yenyewe yasizidi dakika 40 au 50. Baada ya hapo mzee huchoka, naye kwa adabu ataanza kukupa majibu unayoyataka. Omba ruhusa ya kurekodi mbele ya mtu wa nyumba ile, na useme wazi kwamba unaandika hadithi ya kutunga. Simu iweke juu ya kitambaa, si juu ya meza tupu, maana kila kikombe kitakachowekwa kitasikika kama mlango unaofungwa. Andika maneno ya rekodi ndani ya siku mbili tatu, ukingali unakumbuka alichokionyesha kwa mkono wakati akisema "kikubwa hivi". Saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kuandika. Ukikusanya rekodi 20 bila kuziandika, umekusanya mzigo tu.

Wazee wawili wakikubaliana, uliza kama wote hawakukipata kwenye kitabu kimoja cha shule. Historia iliyochapishwa hurudi kijijini ikasimuliwa tena kana kwamba imetoka kwa mababu. Dalili yake ni rahisi kuitambua: mzee anaanza kutaja tarehe kamili na majina ya maofisa wa Kizungu kwa mpangilio. Penye kumbukumbu ya kweli utasikia harufu, njaa, rangi ya ng'ombe.

Na wakipingana? Mwanahistoria angelazimika kuchagua. Wewe waweza kuwapa wahusika wawili kumbukumbu hizo mbili na kuwaacha wabishane. Hapo riwaya ina nafasi ambayo kitabu cha historia hakina.

Naandika kuhusu Koitalel arap Samoei. Je, naruhusiwa kumpa maneno ambayo hakuyasema? Na nyaraka za wakati ule nazipataje nikiwa Nakuru? (Msomaji, Nakuru)

Tuanze na nyaraka. Hifadhi ya Taifa iko Nairobi, Moi Avenue, lakini ina vituo vya mikoani, na Nakuru ni kimojawapo. Kisumu na Kakamega pia vipo. Uliza kwanza kituo chako kina nini. Faili nyingi za utawala wa kikoloni utazikuta Nairobi. Nenda na kitambulisho, penseli na orodha ya unachokitafuta, kwa sababu faili huombwa kwa namba. Zizoee alama hizi: PC/NZA ni ofisi ya mkuu wa mkoa wa Nyanza, PC/RVP ya Bonde la Ufa, DC/KSM ni ya mkuu wa wilaya ya Kisumu, DC/NKU ya Nakuru, DC/NN ya Nyanza Kaskazini. Kwa mwandishi wa riwaya faili zenye utamu ni mbili: ripoti za mwaka za wilaya, na vitabu vya kumbukumbu za kisiasa ambavyo maofisa waliachiana ofisini. Usizipuuze orodha zilizoambatishwa mwishoni: bei za nafaka, faini, adhabu, idadi ya nyumba. Ukiona mtu ametozwa faini kwa kukosa kufagia barabara, umepata tukio.

Kila karatasi iulize: anayeandika anamwandikia nani? Ofisa wa wilaya alimwandikia mkubwa wake. "Wilaya imetulia" huenda maana yake ni kwamba kodi imeingia. Neno "waasi" hukupa msimamo wa mwandishi wa ripoti kabla ya kukupa habari za watu wenyewe.

Koitalel, Orkoiyot yaani kiongozi wa kiroho wa Wanandi, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905, akiwa amekuja kwenye kikao kilichoitwa cha mapatano. Masimulizi yanayonukuliwa sana ya tukio hilo yametoka kwa muuaji mwenyewe, Richard Meinertzhagen, ambaye shajara zake za miaka ile zilichapishwa 1957. Huyu ni mtu ambaye baadaye watafiti walithibitisha kuwa alidanganya hata kuhusu vielelezo vya ndege alivyowapa watu wa makumbusho. Ukimfuata neno kwa neno utakuwa umeandika riwaya ya Orkoiyot kwa mkono wa aliyempiga risasi. Mtumie kama shahidi mwenye sababu ya kujitetea. Weka masimulizi ya Wanandi pembeni yake, na uangalie yanapoachana: nani alikuwa na silaha, nani alinyoosha mkono kwanza, watu walisimama umbali gani.

Kuhusu maneno, ndiyo, waweza kumtungia. Riwaya ni riwaya. Ila kuna njia inayomstahi zaidi mtu aliyeishi kweli, nayo ni kumweka mbali kidogo. Mpe mhusika wako wa kubuni, labda kijana anayechunga lango au mwanamke anayepika, awe ndiye anayemwona na kumsikia Koitalel nusunusu. Huhitaji kuingia kichwani mwake. Kisha mwisho wa kitabu weka ukurasa mmoja unaosema wazi kipi ni cha historia na kipi umekitunga. Wasomaji wa Nandi wana haki ya kujua hilo, hasa kwa kuwa jambo lenyewe bado lina uchungu.

Kama riwaya yako itafika kwenye mashamba ya walowezi ya Nakuru na Njoro, kumbuka masharti ya kazi yalikuwa ya kisheria. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka. Kipande, yaani kitambulisho cha mfanyakazi kilichovaliwa shingoni, kilianza kutumika baada ya Vita vya Kwanza. Usimvike mtu kipande mwaka 1910.

Kuna yeyote wa kwetu aliyeifanya kazi hii maisha yake yote? Wazazi wangu wanasema ni ndoto. (Mwanafunzi, Maseno)

Wapo, na inafaa uwajue kwa sababu hakuna kati yao aliyeacha kazi nyingine. Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930, alisomea uuguzi na ukunga, akatangaza redioni, na baadaye akawa mbunge wa Gem. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1966, na aliandika kwa Kiingereza na kwa Dholuo. Mumewe, Bethwell Ogot, ndiye mwanahistoria aliyekusanya masimulizi ya Waluo wa kusini na kuyachapisha 1967. Ukitaka kujua wahamaji walipitia wapi, kitabu chake bado ndicho cha kuanzia.

Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto. Alizaliwa 1958 na alifariki 2011, na kwa miaka mingi alihudumia watoto wenye virusi vya Ukimwi. The River and the Source ilitoka 1994, ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata, kisha ikasomwa shuleni kama kitabu cha kutahiniwa. Iangalie kwa jicho la fundi. Inaanza na Akoko katika karne ya kumi na tisa na kufuata kizazi baada ya kizazi hadi baada ya uhuru. Historia ya nchi inapita dirishani. Ndani ya nyumba kuna mahari, urithi, mtoto mgonjwa, shule. Msomaji anaujua wakati kwa yale ambayo binti anaweza kufanya na mamake hakuweza. Ni ufundi wa hali ya juu, na haukuhitaji kurasa za kueleza sera za gavana.

Ng'ambo ya ziwa hili hili, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya kubwa kwa Kikerewe kuhusu maisha ya watu wake kabla ya wakoloni. Hakupata mchapishaji. Ilibidi aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatoka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Tunakutajia hili bila kukuficha: kazi inaweza kuwa nzuri na bado ikakaa sandukuni miaka 35.

Kwa hiyo wazazi wako wana hoja kuhusu mshahara, lakini hawana hoja kuhusu kazi yenyewe. Somea kitu kitakachokulisha. Ukiandika maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, mswada wa maneno 70,000 unakamilika kwa wiki 28. Kisha unauacha mwezi mzima, halafu unaurudia. Marudio yatachukua muda mrefu kuliko uandishi wa kwanza. Panga hivyo tangu mwanzo usije ukadhani umeshindwa.

Bibi zetu wa 1900 hawakujua Kiswahili. Sasa nikiandika kwa Kiswahili waongee vipi? (Msomaji, Kisumu)

Weka sheria moja na uishike hadi ukurasa wa mwisho: Kiswahili chako kinasimama mahali pa Dholuo. Bibi akiongea na binamuye, wape Kiswahili laini, kilichokomaa, chenye methali, kwa sababu katika lugha yao wao ni mabingwa. Kosa baya mno ni kuwapa wanakijiji Kiswahili cha kukwamakwama eti kuonyesha ni watu wa kale. Kiswahili cha kuvunjika mpe askari, mpagazi, karani wa stesheni na Mzungu, kwa maana hao ndio waliokitumia kama lugha ya kuelewana na wageni. Bibi akienda sokoni na kujibiwa kwa lugha asiyoielewa, msomaji ataisikia tofauti bila maelezo.

Maneno ya Dholuo yaache pale tu ambapo kitu hakina jina la Kiswahili linalotosha: mikayi, simba, duol (kibanda cha mwenye boma). Neno likitumika mara ya kwanza, tukio lenyewe lilieleze. Mtu anainama kuingia duol, wanaume wanasogea wampishe motoni; imetosha. Maneno matatu au manne kwa sura ni mengi.

Methali usizitafsiri kwa kamusi. Tafuta maana, kisha uliza Kiswahili kingelisemaje kwa picha ya ziwa, mtama na ng'ombe, si kwa nazi na jahazi. Mwanamke wa Nyakach anayesema mchumia juani hulia kivulini amehamia Lamu ghafla.

Chuja pia maneno ya ofisi za leo. Changamoto, mchakato, wadau, mikakati: yakitoka kinywani mwa mzee wa 1905, wakati unavunjika. Soma mazungumzo yote kwa sauti na penseli mkononi. Sikio hukamata yanayolipita jicho.

Mchapishaji amenipa mkataba wa asilimia 10. Ni haki? (Msomaji, Kakamega)

Asilimia 10 ni ya kawaida. Swali ni asilimia 10 ya nini. Kitabu kikiuzwa shilingi 700 na mrabaha, yaani fungu la mwandishi, ukahesabiwa kwa bei ya dukani, unapata shilingi 70 kwa nakala. Nakala 1,000 ni shilingi 70,000, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 5 unabaki na 66,500. Ukihesabiwa kwa fedha anazopokea mchapishaji baada ya duka kuchukua, tuseme, asilimia 30, bei inakuwa 490, fungu lako 49, na nakala 1,000 ni shilingi 49,000 kabla ya kodi. Maneno mawili kwenye kifungu kimoja yamekula shilingi 21,000.

Angalia pia kama umempa haki za tafsiri, filamu na vitabu vya sauti bila kikomo. Omba zirudi kwako kama hajazitumia ndani ya muda mliokubaliana, na kitabu chenyewe kirudi kikikosekana sokoni. Taarifa za mauzo zitajwe kwa tarehe, angalau mara moja kwa mwaka. Ukiamua kujichapishia, namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, na hakimiliki waweza kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo barua au wimbo wa mtu aliyefariki juzi bado una wenyewe. Ukitaka kunukuu zaidi ya mistari michache, iandikie familia kwanza na uyaweke majibu yao kwenye faili moja na mkataba.